Taa ya Kobe kwenye Gari la Bwana Harusi

Tangu nirudi kutoka Pangani sijauza hata doti moja ya kanga kwa amani. Kila mwenzangu wa barazani akipita dukani ananiinamia: "Athumani, ni kweli mlisukuma gari la bwana harusi?" Si kweli. Hatukulisukuma. Gari la kusukumwa unajua limeharibika, unakunja suruali, unasukuma, basi. Letu lilikuwa zima na lina chaji, na halitaki kwenda. Nimeona niandike mara moja, msome kwa zamu, mniache nifanye biashara.

Jambo moja mlijue kwanza, maana bila hilo mtacheka mahali pa kulia. Mpwa wangu Idrisa, mtoto wa dada yangu Mwanahawa, alikuwa anamwoa Rukia binti Mzee Mbwana wa Pangani. Binti huyu aliwahi kuvishwa, akatiwa hina, akaketishwa, watu wakajaa uani, na bwana harusi hakuja. Alipiga simu kuwa gari limemharibikia njiani, na mpaka leo hajafika. Kwa hiyo tulipokwenda kuposa, Mzee Mbwana alitupokea vizuri, akatulisha, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Ndoa ni baada ya Alasiri. Nitasubiri mpaka jua lizame. Likizama, nakunja mikeka yangu, na msinitafute tena." Hakuna aliyembishia. Ningekuwa yeye ningesema makali zaidi.

Bagamoyo: kumngoja Kassim

Wanawake na wazee walitangulia kwa Coaster siku moja kabla. Tukabaki wanne: bwana harusi, mama yake, mimi mjomba, na Kassim, rafiki wa Idrisa, ndiye mwenye gari. Kassim amejenga Mapinga, na majuzi alinunua gari la umeme lililotumika Japani. Alisema rafiki yake hataoa kwa gari la kutoa moshi.

Alituambia saa moja asubuhi. Saa moja ikapita. Sisi tumeketi sebuleni na kanzu zetu, masikio nje, tukisubiri muungurumo. Dada alikuwa anaanza kupandwa na hasira, mara mlango ukagongwa. Kassim alikuwa amesimama hapo muda mrefu akijiuliza mbona hatutoki. Gari liko mlangoni kabisa na hakuna aliyelisikia. Alichelewa Kerege, alikopita kuoshesha gari ling'ae. Nikamwambia, "Mwanangu, gari lisilo na sauti linatembeaje usiku? Kama mwizi?" Akacheka. Anacheka sana Kassim.

Hapo ndipo dada akatoa kanga. Niliichagua mwenyewe dukani kwangu, nyekundu na nyeupe, na maneno yake yalikuwa haya: NAJA KWAKO SIRUDI NYUMA. Mnajua dada yangu, hatoi kanga kwa sababu ya rangi. Alitaka maneno yale yatangulie. Gari likiingia mtaani kwa wakwe, mtu wa kwanza atakayelitazama ayasome, na binti aliyewahi kuachwa ajue ameandikiwa yeye. Kwa hiyo kanga haikuwekwa juu ya boneti. Ilivutwa mbele, kutoka taa hadi taa, ikashuka mpaka karibu na ardhi. Ikaonekana nyepesi, weusi wa gari unapenya. Akatia na kipande cha pili chini yake, akaishona kwenye wavu wa mbele kwa uzi na sindano, akamalizia kwa shada la maua ya plastiki.

Mimi nikauliza, maana nimepanda magari tangu ujana wangu, "Haitakosa hewa?"

"Hewa ya nini, mjomba?" Kassim akafungua boneti. "Unaona injini hapa? Hakuna moto, hakuna moshi, hakuna rejeta. Hii haihemi. Shangazi, funga tu."

Dada akafunga.

Bagamoyo hadi Msata

Sikuwahi kuogopa gari maishani mwangu mpaka Kassim alipokanyaga lile. Hakuna kelele, hakuna gia, hakuna onyo. Uko hapa, halafu uko kule, na tumbo limebaki nyuma. Dada alishika mkono wangu akaubana mpaka pete ikaacha alama. "Astaghfirullah! Kassim, tuna bwana harusi humu, si mzigo wa samaki!"

"Tumechelewa, shangazi. Nafidia."

Alifidia kweli. Kila lori lililokuwa mbele lilikuwa deni kwake. Analikaribia, anachungulia, anakanyaga, limepitwa. Kisha anaachia, kisha anakanyaga tena. Idrisa alikuwa mbele, ameshika kofia yake magotini. Kiwangwa tukasimama kununua mananasi ya kuwapelekea wakwe, na muuzaji, mama mnene mwenye ulimi, akalizunguka gari akasoma ile kanga kwa sauti. "Naja kwako sirudi nyuma. Haya, nendeni, lakini huyo dereva wenu anaonekana atapitiliza." Tukacheka wote. Tulifika Msata tukiwa tumefidia muda mzuri, na mimi nikaanza kuwasifu Wajapani.

Mto Wami

Nyote mnakijua kile kipande. Barabara inashuka mpaka darajani, kisha inapanda, na malori yanapanda kwa kuugua. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Mbele yetu lori la saruji, na upande wa pili barabara nyeupe, hakuna gari. Kassim akatoka, akakanyaga.

Gari likaenda, likalifikia lori tumboni. Halafu likaacha kuvuta.

Halikuzima. Hilo ndilo lililonishtua na linanishtua mpaka leo. Taa zinawaka, kiyoyozi kinapuliza, kisomo cha Kurani kinaendelea redioni, na gari limelegea. Kassim anakanyaga mpaka mwisho, naona goti lake limenyooka, na sisi tunapungua mwendo. Tuko upande usio wetu, ubavuni mwa lori, na juu ya mlima likatokea basi.

Dada alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wa familia yetu. Mimi nilitoa shahada. Idrisa alisema neno moja tu, "Nyuma!" Kassim akashika breki, lori likatutangulia, akajipenyeza nyuma yake, na basi likapita na honi iliyonyooka kama azma ya kutuua. Upepo wake ulitikisa gari zima. Nilijipapasa kifua kuhakikisha nipo.

"Nini hii?" nikamwuliza Kassim.

"Sijui, mjomba. Imekata nguvu."

"Umeme umekwisha?"

"Chaji imezidi nusu. Tazama."

Nikatazama. Chaji ilizidi nusu kweli. Na pembeni yake imewaka taa ya manjano, picha ndogo ya mnyama. Nikavaa miwani. Alikuwa kobe. Nawaapia, kobe kamili, na gamba lake. Nimeishi miaka mingi na sikuwahi kutukanwa na dashibodi.

Dada akainama kutazama, akakaa nyuma polepole. "Hili jicho la mtu," akasema. "Kuna mtu Bagamoyo ametutazama vibaya."

Mbwewe

Tulijikokota nyuma ya lori mpaka Mbwewe, watoto wa shule wakitupita kwa baiskeli. Kassim akaegesha juani, akafungua boneti, akasimama kuitazama. Naye hakujua anatazama nini. Utingo wa lori moja la mkaa akaja na dumu la maji, mtu mwema, bila kuitwa.

"Imechemka hiyo. Rejeta iko wapi, nimwagie?"

"Haina rejeta, kaka. Hii ya umeme."

Utingo akatutazama mmoja mmoja, akaitazama kanga, akanywa maji yake mwenyewe, akaondoka. Lile dumu naliona mpaka leo nikifumba macho.

Ikabidi tupige simu Pangani. Idrisa aliogopa, dada aliogopa zaidi, nikapiga mimi. Nikasalimia, nikauliza hali, nikaulizwa yetu. Kisha nikasema kwamba gari limepata hitilafu kidogo njiani, lakini tunakuja.

Nikasikia watu nyuma ya Mzee Mbwana, sufuria, mwanamke anacheka. Kisha akasema, "Ndivyo alivyosema yule wa kwanza, ndugu yangu. Maneno hayo hayo." Akakata.

Nilihisi kama nimepigwa kofi mbele za watu. Hata nikirudi kupiga, niseme nini? Kila neno la kweli nililokuwa nalo, yule mwongo alikwisha kulitumia. Idrisa aliuona uso wangu, hakuuliza, akaenda barabarani na kanzu yake nyeupe kusimamisha mabasi. La kwanza lilipita. La pili lilisimama, kondakta akachungulia nje, watu wamejaa mpaka ngazini. "Bwana harusi, ningekubeba kichwani, lakini na kichwa kimejaa," akasema, na wakaondoka.

Dada akasema basi tusali, tujumuishe Adhuhuri na Alasiri, tumwachie Mungu. Hapakuwa na mkeka. Akaenda mbele ya gari, akakata nyuzi, akazitoa kanga zote mbili, akakung'uta panzi na vipepeo waliokwisha kukwama, akazitandika chini ya mwarobaini. Tukasali hapo. Mimi nilisali kwa hofu, siwafichi, moyo wangu ulikuwa Pangani kwenye ule uwanja wa watu. Tukala nanasi moja la wakwe kwa kisu cha Kassim, maana hakuna aliyekuwa na haja ya kitu kingine.

Tulipowasha gari, kobe hakuwepo. Kassim akakanyaga kwa woga, gari likaruka mbele kama asubuhi.

"Mmeona?" dada akalia machozi. "Mmeona nguvu ya sala?"

Tuliona. Nani angebisha?

Mkata hadi Segera

Sasa hapa ndipo mtakaposhika vichwa. Mpaka Mkata gari lilikwenda vizuri, na Kassim, aliyekwisha kusahau basi lile, akarudia mchezo wake wa kukanyaga na kuachia. Tukasimama Mkata kidogo. Dada akashuka na sindano yake. Akazirudisha kanga mbele, safari hii akazivuta zaidi ili zisipepee, akaongeza na mshono chini. "Kutoka hapa wakwe wana jamaa zao barabarani," akasema. "Hawatatuona tuko uchi."

Hatukufika Segera. Kilima kidogo tu, na lile gari likalegea tena kwa namna ile ile. Safari hii hatukuwa tunampita mtu, namshukuru Mungu. Kobe akawaka. Kassim akaegesha kando, akaweka paji la uso kwenye usukani. Mimi nilishuka nikaanza kugomba peke yangu barabarani, nikimtukana kobe, nikimtukana Kassim, nikaitukana Japani nzima. Jua lilikuwa limeanza kuinama.

Idrisa akaja mbele ya gari. Akaitazama kanga muda mrefu. Akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakiondoa haraka.

"Mama," akasema. "Ilipokata mara ya kwanza, kanga ilikuwepo. Ulipoitoa tusali, gari ikaenda. Umerudisha, imekata."

"Unataka kusema nini?"

"Sijasema kitu, mama."

"Unaisingizia kanga yangu? Kanga ya harusi yako?"

Kassim akainua kichwa. Akapiga simu kwa yule fundi wa Dar es Salaam aliyemletea gari, akaweka sauti ya nje tusikie wote. Akaeleza. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umeziba mbele?"

"Kuna kitambaa kidogo. Cha harusi."

"Kidogo kiasi gani?"

Tukaitazama ile kanga, vipande viwili, na mishono, na shada. "Mbele yote," Kassim akasema.

"Wewe Kassim! Ile gari ina rejeta, iko chini pale mbele. Ndogo. Betri na mota vinapata joto ukikimbiza, maji yanazunguka kuvipooza, na hayo maji yanataka upepo. Na ulikuwa unakimbiza?"

"Kiasi."

"Kiasi!" dada akafoka kutoka nyuma. "Alitaka kutuua!"

"Basi sikilizeni. Gari haijaharibika. Joto likizidi inajipunguzia nguvu yenyewe, isije ikaunguza betri. Unachokanyaga haikisikii tena. Inakukataza. Toa kitambaa, acha ipoe kivulini, halafu endesha polepole, mwendo mmoja. Usiruke, usifukuzane na mtu."

"Tumechelewa, kaka. Jua linazama."

"Ndiyo nakwambia. Ukikimbiza, hamfiki."

Nimeuza dukani miaka yote hii, na hakuna kilichowahi kunishangaza namna hiyo. Kitu umekinunua kwa fedha yako, kinakupima, kinaona una haraka ya kijinga, kinakunyima. Na mchawi tuliyekuwa tukimtafuta Bagamoyo alikuwa sindano ya dada yangu na mguu wa Kassim. Nikamtazama dada. Nilidhani atagomba. Alikuwa amesimama na mkono mdomoni, macho yamemtoka. "Mimi ndiye niliyemzuia mwanangu," akasema. "Kwa maneno ya kumwambia bibi harusi kwamba anakuja." Akakaa chini pale pale kwenye majani, na Idrisa akachuchumaa mbele yake akaanza kukata nyuzi moja moja.

Segera hadi Muheza

Sijawahi kuona mateso kama yale. Gari limepoa, lina nguvu, kobe amelala, na tunakwenda kwa mwendo wa maiti. Kassim ameshika usukani kwa mikono miwili, hacheki tena. Malori tuliyoyapita asubuhi yakatupita. Lori la saruji lile lile likatupita. Lori la mkaa likatupita, na utingo wangu yule, yuko juu ya magunia, akatupungia mkono kwa huruma. Nikampungia.

Segera nilitaka tuparamie basi. Idrisa akakataa, akasema Muheza hatutapata chombo cha Pangani saa zile, na kwa hesabu hiyo alikuwa sahihi. Kila kilima nilikuwa nachungulia dashibodi kama mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa. "Mjomba, usipumue shingoni kwangu," Kassim aliniomba. Dada alikuwa na kanga magotini, anaokota miguu ya panzi kwenye kitambaa na kuitupa dirishani, midomo inatembea kwa dua. Tukasema tusipige simu tena. Mtu aliyekwisha kudanganywa na simu, simu haimsaidii.

Muheza hadi Pangani

Vumbi, mkonge pande mbili, na jua liko nyuma yetu, naliona kwenye kioo. Lilikuwa jekundu. Nilianza kujipangia maneno ya kumwambia Mzee Mbwana, nikayafuta, nikaanza upya. Kisha kioo kikawa cheusi nikajua limezama, na bado tuko kwenye minazi, hatujauona mji. Idrisa alivaa kofia yake. Aliivaa vizuri, akaiweka sawa kwa vidole, na kitendo hicho kiliniumiza kuliko basi la Wami.

Tuliingia mtaani taa za kwanza zikiwaka, adhana ya Magharibi imekwisha. Watu wachache tuliokutana nao walikuwa wametupa kisogo, wanarudi makwao. Nilitambua kanzu za watu wa Coaster yetu, wamesimama ukutani kama wafungwa. Hakuna aliyegeuka. Hawakutusikia! Siku nzima walikuwa wametega masikio kungoja muungurumo na honi, na gari lile likaja bila sauti mpaka mlangoni likasimama.

Mzee Mbwana alikuwa peke yake uwanjani, ameinama, anakunja mikeka. Mingine alikwisha kuikunja na kuiegemeza ukutani. Nyuma yake, kizingitini, mahali ambapo bibi harusi hakai, alikuwa ameketi Rukia na hina yake, kichwa kwenye goti. Baadaye niliambiwa walimvuta aingie akakataa. Alisema kama ameachwa ataiona barabara kwa macho yake, haambiwi na simu.

Nilifungua mdomo, na yale maneno niliyoyapanga yote yakanikimbia. Dada yangu hakuningoja. Alishuka, akazunguka mpaka mbele ya gari, mahali pale pale alipokuwa ameishona kanga, akaikunjua akaishika kwa mikono miwili imenyooka kutoka bega hadi bega, chafu, ina matundu ya sindano na mbawa za panzi. Taa za gari zikampiga kutoka nyuma, kitambaa kikaangaza. Akaanza kutembea polepole kuelekea wakwe.

Rukia ndiye aliyeinua kichwa kwanza. Aliisoma, midomo yake niliiona. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Baba. Geuka."

Mzee Mbwana akageuka na mkeka mikononi. Akasoma neno kwa neno. Akamtazama Idrisa aliyesimama na kofia yake, akaitazama mbingu isiyo na jua, na mimi nikasubiri atukumbushe alichosema.

"Nilipiga simu nikakwambia gari," nikaanza.

"Sitaki kusikia habari ya gari," akasema.

Akaukunjua mkeka, akautandika, akaunyoosha pembe kwa mguu, kisha akaenda ukutani kuchukua mwingine.